Msimzoee, Mwambieni

Kazini yupo mtu ambaye akipingwa kikaoni, ananuna wiki nzima. Salamu haitikii. Usiku anaweka vijembe kwenye status ya WhatsApp, na idara yote inajua vinamlenga nani. Akikumbushwa kazi iliyochelewa, anajitoa kwenye kundi. Ukiuliza kwa nini hakuna anayemsemesha, unajibiwa: "Ndivyo alivyo, mzoee tu. Mtu mzima hafundishwi."

Jibu hilo hupita kama busara. Ni woga, na wanaougharamia ni wengine.

Ingia wodini saa ya kupokezana zamu. Muuguzi anayetoka hasemi na anayeingia. Ripoti ameandika, hilo sawa. Lakini kuna mambo ambayo husemwa kwa mdomo pembeni ya kitanda: kwamba mama huyu amekataa chakula tangu asubuhi, kwamba yule mzee anaficha maumivu mwanawe akiwapo. Siku ya mnuno hayasemwi. Wakubwa wa kazi wanajua, wanatabasamu, wanapita. Wanaoambiwa wazoee ni wahudumu, wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na wafanyakazi wa mkataba wasio na pa kusemea.

Wapo wanaodhani kumwambia mtu ni kumtafutia kufukuzwa. Sheria inasema vingine. Nchini Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinataka makosa madogo yaanze kushughulikiwa kwa ushauri na marekebisho yasiyo rasmi. Maonyo ya maandishi yanafuata baadaye. Maofisini kwetu tunageuza: tunamnyamazia mtu miaka, tukichoka tunamwandikia barua ya mashtaka. Akifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kuuliza ni lini aliwahi kuelezwa kosa lake, tutamjibu nini? Tulimwona akiharibikiwa na hatukumwambia.

Mwite chemba. Kama amekuzidi umri, shikamoo itangulie. Taja tendo moja, lenye siku yake: "Dada, jana uliondoka kikaoni kabla ya ratiba kukamilika, tukabaki hatujui nani anaingia usiku. Nini kilikuudhi?" Usimwambie ana utoto; ukishamwambia hivyo, atajitetea yeye na tendo litasahaulika. Kisha nyamaza umsikilize kwa dhati, kwa sababu mara nyingi anayesusa ana lalamiko la kweli. Pengine ratiba inampangia zamu za usiku kila sikukuu na hajui amwambie nani. Hilo likirekebishwa, bado aambiwe kuwa salamu na makabidhiano havisusiwi.

Kama anayenuna ndiye mkuu wa idara, kazi ni ngumu zaidi, sikatai. Mdogo asitumwe peke yake. Aende mkuu mwenzake anayelingana naye cheo, na asiposikia, athari zake kwa kazi zipelekwe kwenye baraza la wafanyakazi, zikiwa na tarehe.