KARATASI YA DAMU NI YAKO, ISOME



Kila mara twasikia maneno haya: "Damu yako ni nzuri, rudi kazini." Au: "Damu yako ni mbaya, meza dawa hizi." Ukiuliza mbaya namna gani, faili hufungwa, nawe waambiwa kwamba hayo ni mambo ya daktari. Jambo hili hatulikubali.

Sisi ni watu wa reli. Dereva asoma geji ya hewa ya breki, na roho za mamia ya abiria zimo katika mshale ule. Nani basi asema kwamba mtu huyu hawezi kusoma tarakimu za damu yake mwenyewe?

Tazama mambo matatu. Kwanza, jina la kipimo. Pili, tarakimu yako na kizio chake, yaani imehesabiwa kwa nini. Sukari ya 7 kwa milimoli katika lita ni sawa na 126 kwa miligramu katika desilita. Asiyejua hivyo akiona 126 atadhani amekwisha kufa! Tatu, kiwango cha kawaida cha maabara ile.

Sukari ya mtu ambaye hajala tangu usiku ikifika 7, yaonyesha kisukari, na mara nyingi hupimwa tena kwa hakika. Hemoglobini ya mwanamume ikiwa chini ya gramu 13 katika desilita, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, damu imepungua. Lakini kupungua damu ni ishara tu. Uliza sababu: ni minyoo, ni malaria, ni kidonda cha tumbo, au ni chakula?

Wengine husema mfanyakazi akiona tarakimu ataogopa. Basi aelezwe! Katika watu 20 wenye afya, mmoja hivi huwa nje ya kiwango cha kawaida, wala si mgonjwa. Hatusemi mtu ajitibu au aache dawa. Twasema aulize.

Na wenzetu wa karakana wanaokwangua rangi kuukuu na kushika betri, je? Madini ya risasi huingia mwilini kimya kimya. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba yakifika maikrogramu 5 katika desilita ya damu, yatafutwe yatokako na kuzuiwa. Mtu atazuiaje asipoonyeshwa tarakimu?

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Afya ya 2017 yaagiza mgonjwa aambiwe hali yake, na ikiwezekana kwa lugha anayoifahamu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuziona habari zake zilizo mikononi mwa mwingine.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Je, afichaye maradhi ya mwenzake tumwiteje?

Ndugu, usitoke bila nakala. Iweke nyumbani, uilinganishe na ya mwaka ujao. Ukinyimwa, mwambie mjumbe wa chama siku ile ile. Mmoja akiuliza hufukuzwa mlangoni. Tukiuliza sote, mlango utafunguliwa.