Usisubiri Kujenga Nyumba Ndiyo Ujenge Reli

Wacha niseme tu. Hobi ya reli za modeli haiuliwi na bei peke yake, inauliwa pia na ushauri mbaya. Kijana akiuliza aanze vipi, jibu ni lile lile: nunua plaiwudi nzima, futi nane kwa nne, piga duara, treni izunguke. Akisema anaishi kwa bedsita, anaambiwa asubiri mpaka ajenge.

Haya, tufanye hesabu. Chumba changu ni kumi kwa kumi, kama cha wengi wenu. Hizo ni futi mraba 100. Kitanda cha nne kwa sita kinakula 24. Hiyo plaiwudi inakula 32. Zinabaki 44 za meko, nguo, ndoo za maji na mlango kufunguka. Na ukisukuma ubao wa futi nne ukutani, treni ikianguka kule nyuma mkono haufiki.

"Basi punguza duara," watasema. Sawa. Kwa reli za Hornby za OO, kona kali zaidi ya kawaida ina nusu kipenyo cha milimita 371. Duara linakuwa karibu sentimita 75, na bado hujaacha nafasi pembeni. Meza yote imeisha, na treni inazunguka tu kama mbwa anayekimbiza mkia. Dakika kumi, umechoka.

Mimi nasema acha duara. Tafuta ubao mwembamba, upana futi moja, urefu futi tano. Jenga Inglenook, mpango wa Mwingereza Alan Wright. Una njia tatu za kuegesha: moja inabeba mabehewa matano mafupi, mbili zinabeba matatu matatu. Mabehewa ni manane. Ile sehemu ya kuvutia inatosha injini na mabehewa matatu tu, na hapo ndipo utamu uko. Yape mabehewa namba, chomoa vikaratasi vitano bila kuangalia, halafu unganisha treni kwa mfuatano huo huo. Iko mifuatano 6,720. Maliza hiyo kwanza ndiyo uniambie nafasi ni ndogo.

Bado ubao ni mrefu? Shuka skeli. HO ni 1:87, N ni 1:160. Mpango ule ule unapungua karibu nusu.

Najua kuna mtu atasema huo ni mchezo wa watoto, si reli. Bana, treni ya mizigo haijipangi yenyewe pale Mombasa. Kuna watu wanavuta na kusukuma mabehewa kabla safari ianze. Hiyo ndiyo kazi ya reli. Na kama unataka kuiga reli yetu ya zamani, kumbuka upana wake ni mita moja. Reli ya HO ya milimita 16.5 inaiga upana wa SGR. Amua hilo kabla ya kununua.

Wanaotuambia tusubiri wana chumba cha ziada. Sisi tuna kodi, na mwenye nyumba asiyetaka msumari ukutani. Ubao wa futi tano unakaa juu ya kabati, na siku ya kuhama unaubeba kwapani. Ukingoja ploti, injini yako itazeekea kwa boksi. Chukua futi kamba leo, pima hapo juu ya kabati.