Mnyoo wa Matende Haishi Peke Yake

Mgonjwa wa matende au busha huambiwa kwamba mwilini mwake mna minyoo iliyoletwa na mbu. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Ndani ya mnyoo huyo, Wuchereria bancrofti, wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, na viumbe hao hutegemeana kwa uhai wao: bakteria hupata makazi kwa mnyoo, na mnyoo akiwapoteza hukosa uzazi, hatimaye hufa.

Utegemeano huu si jambo la vitabu vya elimu ya viumbe tu. Katika kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani, wanaume 72 wenye maambukizi walishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Baadhi yao walipewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14, kipimo cha ultrasaundi kilionyesha minyoo hai kwa takriban mmoja kati ya kila watano waliotumia dawa. Katika kundi la pili, karibu wote walikuwa nayo bado. Doksisaiklini ni dawa ya bakteria. Ilimwondoa mpangaji, na nyumba ikaanguka.

Tatizo ni kwamba nyumba hiyo huanguka polepole. Mgonjwa asiyeelezwa hayo huona wiki ya pili imepita bila mabadiliko, akaviacha vidonge, au akamgawia jirani mwenye homa. Lawama hapa haimstahili mgonjwa. Mhudumu anayeandika cheti na kumwita anayefuata, pasipo kusema ni nani hasa anayeshambuliwa na kwa nini siku ni nyingi, ameitoa dawa nusu. Aseme pia kwamba mguu uliovimba kwa miaka utaendelea kuhitaji kuoshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri kati ya vidole, na kwamba dawa hii haiwafai wajawazito wala watoto wadogo.

Tiba hii ndefu haiwezi kuchukua nafasi ya ugawaji wa dawa kwa jamii nzima. Nafasi yake ni kwa mgonjwa mmoja mmoja, na katika misitu ya Afrika ya Kati ina thamani ya pekee. Huko wapo wenye usubi ambao pia wamebeba mnyoo wa jicho, Loa loa, kwa wingi unaoifanya ivermektini iwe hatari kwa ubongo wao. Loa loa hana Wolbachia, hivyo doksisaiklini humpita bila kumgusa.