Binti hajavunja ungo, mnamtafuta mchawi?

Hivi jamani, binti akifika miaka 15 hajaona siku zake, kwa nini wa kwanza kutafutwa ni mganga? Utasikia karogwa, kafungwa kizazi, shangazi ana mkono wake. Masikini shangazi!

Sababu ziko nyingi, na nyingine ni za kuzaliwa nazo. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za X. Wapo wanaozaliwa na moja tu, au ya pili ikiwa na kasoro. Hali hiyo inaitwa Turner, jina la daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1938. Humpata takriban msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Wengi huwa wafupi, na ovari zao huacha kazi mapema. Si kosa la mama wala la baba, hutokea tu.

Kinachoniuma ni muda unaopotea. Bila homoni ya estrojeni mifupa inadhoofika, na baadhi yao wana kasoro ya moyo isiyoonekana kwa macho. Hospitali wanaweza kupima kromosomu kwenye damu, kuangalia moyo na kumwanzishia homoni. Hirizi haipimi moyo.

Wazazi, miaka 13 matiti hayajaanza kuota, au 15 hakuna hedhi, mpelekeni hospitali. Na sisi majirani tuache kumwita mgumba mtoto ambaye hata hajapimwa.

Au nakosea, wadau? Mnasemaje?