Ukuta Ulibaki, Sakafu Zikashuka

Wasee, mkienda kuona keja orofa ya 10 huwa mnauliza nini? Maji, lifti, waifai, na kama jua la jioni linaingia poa kwa picha. Mimi pia. Sijawahi kuuliza sakafu nitakayolalia imeshikwa aje na ukuta.

Sasa cheki Christchurch, New Zealand. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko lilipiga mchana na jengo la CTV, orofa 6, likaanguka kwa sekunde chache. Watu 115 walikufa. Chenye kilinishtua ni picha: ule ukuta mnene wa zege, wa ngazi na lifti, ulibaki umesimama. Sakafu ndizo zilichomoka zikalaliana kama chapati.

Jengo likitikiswa, uzito mwingi uko kwa sakafu, na ukuta ndio unafaa kuzizuia zisiyumbe. Lakini hiyo nguvu itafikaje ukutani kama vyuma vya kuunganisha ni vichache? Ukuta unabaki pambo tu. Sitadanganya, nguzo za CTV pia zilikuwa na shida zake. Lakini hiki kiungio kilikuwa kimejulikana! Mwaka 1990 mtu aliyetaka kununua jengo alileta wahandisi, wakaona sakafu hazijashikwa vizuri. 1991 vyuma vikaongezwa, orofa za juu pekee. Septemba 2010 tetemeko lingine likapita, jengo likaangaliwa, likabandikwa stika ya kijani. Watu wakarudi kazini.

Mtaniambia hapa si New Zealand. Sawa, lakini Subukia ilipigwa na tetemeko la karibu 6.9 mwaka 1928, na 2007 watu wa Nairobi walitoka maofisini mbio. Bonde la Ufa halijahama.

Mimi niliacha chuo, siwezi kuwapigia hesabu ya vyuma. Ila naona hivi: lile kosa lilijulikana kwa sababu mnunuzi aliuliza. Na kiungio chenyewe unakiona kabla zege halijamwagwa. Baadaye ni plasta na rangi. Kwa hivyo anayeuza fleti atuonyeshe picha za vyuma vya kila orofa, na sahihi ya mhandisi aliyevikagua. Kama pesa ya droni ya matangazo iko, ya hizo picha pia iko.

Juzi jamaa fulani alitaka nimpigie video ya fleti zake mpya. Nikamwomba hizo picha. Akaniambia nishike kamera, niache maswali. Hiyo video sijapiga.