Kijipicha cha Mchezo wa Video ni Anwani

Kizuri chajiuza, walinena wahenga. Katika duka la mtandaoni la Steam, hata kizuri hupitwa iwapo kijipicha chake hakisomeki. Kijipicha hicho huweza kuonekana kidogo mno, ilhali wabunifu wadogo hurundika humo mashujaa, majoka na majengo. Hilo ni kosa. Tangu Septemba 2022, Steam hairuhusu tuzo wala sifa za wahakiki kuandikwa humo. Picha yapasa kujisemea. Shujaa wa Hollow Knight (2017), mchezo wa Team Cherry ya Australia, hutambulika kwa barakoa nyeupe yenye pembe mbili, hata akipunguzwa vipi. Anwani bora haisimulii riwaya nzima, bali huiashiria. Kijipicha nacho ni vivyo hivyo: kikitaka kusema yote, hakisemi lolote.