Dharura Haikuanza 1964

Tukikaa kuzungumza hapa Maskati na Unguja ikatajwa, sote tunaanzia Januari 12, 1964, kama kwamba watu walianza kufungwa midomo asubuhi ile. Kwa maoni yangu tunairuka sehemu isiyotupendeza.

Mwaka 1954 Waingereza waliwashtaki kwa uchochezi wakubwa wa Jumuiya ya Waarabu kwa maneno yaliyoandikwa katika gazeti lao, Al-Falaq. Wazee wetu walikasirika, na haki yao. Wakalisusia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1962 kosa hilo hilo la uchochezi likampeleka jela Abdulrahman Babu, wakati huo Katibu Mkuu wa Hizbu. Uhuru ukaja Desemba 10, 1963, na katiba yenye kutaja haki za raia. Hata mwezi haujapita sana, serikali ya Shamte ikakipiga marufuku chama cha Umma, cha huyo huyo Babu, aliyekwisha kutoka Hizbu.

Wako jamaa wanaosema usalama ulitaka hivyo. Huenda. Lakini yaliyofuata mnayajua: katiba ikafutwa, vyama vyote isipokuwa Afro-Shirazi vikapigwa marufuku, watu wakawekwa kizuizini bila ya kesi, nchi ikaendeshwa kwa amri mpaka ilipopata katiba yake mwaka 1979. Miaka 15! Sisemi haya ni sawa na yale. Kufungiwa chama si kuuliwa mzee wako. Nasema dawa ile tuliionja sisi, kisha tukawanywesha wenzetu.

Kashfa ni jambo jingine. Aliyechafuliwa jina na aende mahakamani, mwandishi alete ushahidi, kadhi au hakimu aamue. Uchochezi hauulizi kama neno ni kweli.

Katika katiba ya Tanzania ya leo napenda ibara ya 32. Tangazo la hali ya hatari sharti lifike Bungeni ndani ya siku 14, likubaliwe na thuluthi mbili ya wabunge, na hufa baada ya miezi 6 Bunge lisipoliongeza. Hapa kwetu Oman, Sheria ya Msingi ya 1996, na iliyokuja badala yake 2021, zimetoa uhuru wa rai katika mipaka ya sheria. Watoto wetu wanaosomea sheria wangetuandikia humu mwakani mipaka hiyo inafika wapi.

Na mwenye nakala za Al-Falaq au Mwongozi sandukuni azitoe zisomwe. ZaNews pia, ingawa ilitupinga.